Sayyida Salme na Wale Aliowaandikia

Habari za mabinti wa kifalme waliolelewa nyuma ya kuta na kumalizia umri wao ugenini zimeandikwa mara nyingi, lakini aghalabu walioziandika ni watu wengine. Sultani Murad wa Tano wa Dola ya Uthmaniya aliondolewa katika kiti mwaka 1876, akawekwa kizuizini pamoja na jamaa zake katika jumba la Çırağan mjini Istanbul mpaka alipofariki mwaka 1904. Mjukuu wake, Selma, alifukuzwa nchini pamoja na ukoo mzima mwaka 1924. Alipitia Beirut na Bara Hindi, akafia Paris. Kisa chake kiliandikwa kwa Kifaransa na bintiye, Kenizé Mourad, katika kitabu kilichotoka mwaka 1987. Selma katika kitabu hicho anasimuliwa. Yeye mwenyewe hasimulii.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kisa kinachofanana na hicho, nacho kina tofauti moja kubwa: mwenyewe alishika kalamu. Sayyida Salme binti Said bin Sultan wa Unguja, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alitoa mjini Berlin mwaka 1886 kitabu chake kiitwacho Memoiren einer arabischen Prinzessin, yaani Kumbukumbu za Binti Mfalme wa Kiarabu. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1888. Aliacha pia maandishi marefu aliyoyaita Briefe nach der Heimat, yaani Barua za Nyumbani, ambayo hayakupigwa chapa wakati wa uhai wake. Yalitoka kwa Kiingereza mjini Leiden mwaka 1993, katika chapa iliyotayarishwa na E. van Donzel pamoja na zile Kumbukumbu.

Maandishi haya yamesomwa kwa njia mbili. Wako waliotafuta ndani yake hadithi ya mapenzi ya binti wa kifalme na mfanyabiashara wa Hamburg. Na wako wanahistoria walioyachimba kama watu wachimbavyo kisima, wakitoa tarehe, majina ya majumba na habari za ugomvi wa wana wa Sultani. Njia zote mbili zina faida yake. Walakini zote zinapita kando ya swali ambalo kila maandishi yastahili kuulizwa kwanza: je, mwandishi alikuwa akisema na nani? Swali hilo likiulizwa kwa makini, mengi katika kazi za Salme yanayoonekana kupingana yanaelezeka, na kasoro yake kubwa kuliko zote inaonekana mahali pake hasa.

Maisha yake kwa ufupi

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, pwani ya kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia, nchi ya upande wa Bahari Nyeusi. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alihamia pamoja na mama yake Bet il Watoro, nyumbani kwa nduguye Majid, na baadaye Bet il Tani. Baba yake alifariki safarini baharini mwaka 1856. Mama yake akafariki mwaka 1859. Mwaka huo huo Barghash alijaribu kumpindua Majid aliyekuwa amerithi kiti cha Unguja, naye Salme akawa upande wa Barghash. Jaribio lilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akakaa muda katika mashamba yake ya Kisimbani na Bububu.

Aliporudi mjini alikuwa jirani ya Heinrich Ruete, wakala wa nyumba ya biashara ya Hamburg. Akiwa mja mzito, aliondoka usiku mmoja wa Agosti 1866 katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akafika Aden. Huko alizaa mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa na kuolewa, na mwaka huo huo mtoto akafa safarini kwenda Ujerumani. Hamburg alizaa watoto 3 wengine. Agosti 1870 mumewe alikufa baada ya kuanguka kutoka katika tramu. Salme wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 26.

Tangu hapo alihama mji baada ya mji. Alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na mwaka 1888, bila ya kupata urithi aliokuwa akiudai. Kisha alikaa Jaffa na Beirut, miji iliyokuwa chini ya Dola ya Uthmaniya, mpaka mwaka 1914. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Siku 3 baadaye Bunge la Uturuki lilifuta Ukhalifa na kuwahamisha watu wa nyumba ya Uthmaniya. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na mchanga wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo.

Kalamu ya siri

Katika nyumba ya Seyyid Said watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme aeleza kwamba alijifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao siku hizo ulitumika kama ubao wa chuoni, akaiga juu yake herufi za Msahafu. Halafu akapata msaada wa mtumwa mmoja aliyekuwa na elimu ya hati. Habari ilipovuja alilaumiwa, naye hakujali.

Kipande hiki ni kifupi, na msomaji wa haraka aweza kukipita. Kwa hakika ndicho ufunguo wa maisha yake na wa kitabu chake. Wakubwa wa Barghash walipohitaji mtu wa kuwaandikia barua viongozi waliotakiwa kuunga mkono njama yao, walimwona binti huyu wa miaka 15 aliyejua kazi ambayo dada zake hawakuijua. Kalamu ilimtoa katika chumba cha wanawake ikamwingiza katika siasa ya dola. Na siasa hiyo iliposhindwa, kalamu ile ile ikawa ushahidi juu yake. Baadaye, ugenini, alifundisha Kiarabu ili apate riziki, na mwishowe akaandika kitabu. Yumkini hakuna mwandishi mwingine wa pwani hii ambaye elimu ya herufi ilimpa mengi na kumnyang'anya mengi kiasi hicho.

Yafaa pia kukumbuka ni nani aliyemfundisha. Mwalimu wa kwanza wa mwandishi huyu alikuwa mtumwa, naye jina lake halikutajwa. Jambo hili litarudi mbele.

Kitabu cha Berlin

Katika dibaji ya Kumbukumbu, Salme asema kwamba alianza kuandika miaka 9 kabla ya kupiga chapa, na kwamba alikusudia kuwaandikia watoto wake. Watoto hao walilelewa katika Ujerumani, na habari walizokuwa nazo juu ya asili ya mama yao zilikuwa chache mno. Basi msikilizaji wa kwanza ni mtoto aliyekaa karibu, asiyejua, naye anataka kujua. Sura zilizo bora katika kitabu ni zile ambamo sauti hiyo ya mama yasikika. Siku ya Bet il Mtoni yagawanywa kwa sala 5, na kila sala inaleta kazi zake, vyakula vyake na mazungumzo yake. Uani wanatembea swala, tausi na mbuni. Baba anaonekana katika baraza la mviringo linaloelekea bahari, akienda na kurudi, kichwa ameinamisha, mguu ukichechemea kwa sababu ya risasi ya vita vya zamani. Mtoto asikiaye haya haelezwi nini maana yake, aachwa aone.

Kwa mtu wa isimu, ukurasa wenye thamani kubwa ni ule wa lugha. Nyumba hiyo, ambayo kwa makisio ya mwandishi ilikuwa na watu wapatao 1,000, ilikuwa na sheria kwamba mbele ya Seyyid Said kisemwe Kiarabu tu. Alipogeuka, zilisikika lugha nyingine zote: Kiajemi, Kituruki, lugha ya Circassia, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Kiswahili hapa hakitajwi kama lugha ya barazani. Ni lugha ya uani, ya jikoni na ya walezi, yaani lugha ambayo mtoto huipata bila ya kufundishwa.

Walakini kitabu kilitoka mwaka 1886, na wakati huo msikilizaji alikuwa amebadilika. Ujerumani ilikuwa imeanza kutafuta makoloni katika Afrika Mashariki, na Wajerumani wengi walikuwa na hamu ya kusikia habari za Unguja. Hapo mama ageuka akawa wakili. Katika sura ya hali ya wanawake wa Mashariki awashambulia wasafiri waliokaa majuma machache Constantinople, Misri au Tunis, kisha wakarudi kwao kuandika vitabu vinene juu ya nyumba ambazo hawakupata kuvuka vizingiti vyake. Shambulio hili ni la haki, na lina nguvu zaidi kwa sababu linatoka kwa mtu aliyeishi ndani. Ni mara chache katika karne ile mwanamke wa pwani hii kuwajibu watu wa Ulaya kwa lugha yao wenyewe, akisimama sawa nao katika hoja.

Lakini wakili hana desturi ya kutaja makosa ya mtu anayemtetea. Salme ashikilia kwamba mwanamke wa Kiarabu si wa kuhurumiwa: ana mali yake, ana heshima yake, na kutoka usiku kwa taa, uso ukiwa ndani ya barakoa, si kifungo. Huenda ndivyo alivyoona. Hata hivyo kitabu hicho hicho kina mambo yanayomkaidi wakili. Kina binti aliyejifunza kuandika kwa kujificha. Zaidi ya hayo, kina safari ya usiku wa Agosti 1866, nayo mwandishi anaipita mbio mno. Yeye awezaye kutumia kurasa nyingi kueleza sikukuu na mavazi, anatumia maneno machache sana kueleza sababu iliyomfanya aiache nchi yake, na habari ya ujauzito haitaji kabisa. Ukimya huo ni sehemu ya maana ya kitabu. Wakili alijua kwamba ushahidi wa mteja wake, ukitolewa wote, utaiharibu kesi.

Barua za nyumbani

Kazi ya pili ina sura ya barua moja ndefu kwa rafiki wa kike aliyebaki Unguja, asiyetajwa jina. Inaanza pale Kumbukumbu zilipoharakisha, yaani Aden, ikaendelea mpaka Hamburg na miaka ya ujane. Hapa hakuna wakili. Mwandishi haitetei Mashariki mbele ya mtu yeyote. Anamweleza mtu wa kwao mambo ya ugenini kama yalivyompata.

Mambo yenyewe ni mazito. Mtu aliyezoea nyumba yenye watu mia kadhaa aliingia katika nyumba ya Hamburg ambamo mtu wa kuzungumza naye kwa lugha aliyoijua alikuwa mumewe peke yake. Mume akienda kazini, maneno yalikwisha mpaka jioni. Alitazamwa na watu kama kitu cha ajabu. Baridi ilimfungia ndani miezi mingi. Mume alipokufa, mtu huyo mmoja naye aliondoka, akabaki na watoto wadogo 3, lugha ya kujifunza, na mali iliyokuwa ikipungua. Msomaji akiziweka kazi mbili pamoja, ataona jambo ambalo hakuna kitabu kimoja kati yake kinachosema peke yake: katika kumbukumbu ya Salme, jumba la Unguja lenye kuta lilikuwa mahali pa wasaa, na nchi ambayo mwanamke alitembea uso wazi barabarani ndiyo iliyokuwa kifungo. Mtu aweza kukataa hukumu hiyo. Hawezi kusema kwamba haikuonjwa na mwenyewe.

Hapo ndipo swali la msikilizaji linapokuwa gumu. Barua hizi zaandikiwa nyumbani, lakini zimeandikwa kwa Kijerumani. Rafiki wa Unguja, kama alikuwako, hakuweza kuzisoma. Mwandishi alijua Kiarabu vizuri hata kukifundisha. Angeweza kuiandika barua yake kwa lugha ambayo mtu wa kwao angesomewa. Hakufanya hivyo. Kwa hiyo barua hizi zina anwani moja na lugha nyingine, nazo zimekwama baina ya hizo mbili.

Haitoshi kusema kwamba ni mbinu ya fasihi tu, ingawa barua za kubuniwa zilikuwa desturi ya Ulaya wakati huo. Lugha haibebi maneno peke yake; hubeba pia mambo yaliyompata mtu alipokuwa akiisema. Baridi, ujane, madeni na upweke vilimpata Salme kwa Kijerumani. Huenda hakuwa na maneno ya Kiarabu au ya Kiswahili ya kuvitaja, kwa sababu hakupata kuviishi katika lugha hizo. Katika kitabu cha Berlin, mambo ya Unguja yalisemwa kwa Kijerumani kwa ajili ya Wajerumani. Katika Barua, mambo ya Ujerumani yasemwa kwa Kijerumani kwa ajili ya mtu wa Unguja. Upande wowote autazamao, msikilizaji aliyemtaka zaidi yu mbali. Salme mwenyewe akiri, mwishoni mwa safari ya 1885, kwamba aliondoka kwao Mwarabu na Mwislamu kamili, na aliporudi hakuwa Mkristo mwema wala Mjerumani mzima. Lugha ya kazi zake yathibitisha ungamo hilo kuliko maneno yenyewe.

Mama na watumwa

Sura ya Kumbukumbu iliyo ngumu kuliko zote kwa msomaji wa leo ni ile ya utumwa. Ndani yake mwandishi aonya kwamba utumwa wa Mashariki usilinganishwe na ule wa Marekani, awalaumu Waingereza kwa haraka yao ya kuwaachia watumwa, na asema kwamba mtu mweusi hafanyi kazi asipolazimishwa. Kitabu kilitoka miaka 13 tu baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa, mwaka 1873, na miaka 11 kabla ya amri ya 1897 iliyoondoa utumwa katika sheria za Unguja. Masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo. Walingoja mpaka mwaka 1909. Jambo hili lingali na moto wake. Mwaka 2019 kiwanja kimoja cha Hamburg kilipewa jina la Emily Ruete. Haukupita muda mrefu jina hilo likakataliwa, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika juu ya watumwa na watu weusi.

Wanaomtetea husema kwamba alikuwa mtoto wa zama zake. Udhuru huo hautoshi, kwa sababu kitabu chenyewe kina ushahidi wa kumhukumu. Katika kurasa za mwanzo Salme asimulia habari ya mama yake. Jilfidan alikuwa mtoto wa wakulima. Wanyang'anyi waliingia kijijini, jamaa wakajificha chini ya ardhi, baba na mama wakauawa, na watoto 3 wakachukuliwa na wapanda farasi 3: kaka mkubwa na mmoja, mdogo wa kike na mwingine, na Jilfidan na wa tatu. Mdogo alilia njia nzima akimwita mama. Kisha njia zikagawanyika, na Jilfidan hakuwaona tena. Alifika katika nyumba ya Seyyid Said akiwa na umri wa miaka 7 au 8, na jino lake la kwanza liling'oka huko.

Hiyo ni habari ya utumwa, tena imesimuliwa kwa huruma na kwa usahihi. Mwandishi alijua ni nini mtoto kutekwa. Aliisikia kwa mama yake mzazi. Lakini alipofika katika sura ya utumwa hakuikumbuka. Hakuuliza kama wale waliotoka upande wa Nyasa na kushushwa Unguja hawakuwa nao na kaka waliogawanywa njiani na mdogo aliyelia. Mtumwa mmoja tu katika kitabu ana wazazi, kijiji na siku ya kutekwa. Wengine ni umati wenye kazi, na hata yule aliyemfundisha kuandika hana jina.

Sababu yapatikana katika lile swali la msikilizaji. Habari ya Jilfidan aliwasimulia watoto wake, wajue bibi yao alikuwa nani. Sura ya utumwa aliwaandikia Wazungu, akiwa wakili, na mteja wake alikuwa nyumba ya baba yake. Hakuna mahali ambapo mtumwa mwenyewe ni msikilizaji. Mtu asiyehesabiwa miongoni mwa wasomaji huandikwa kama kitu, hata na mwandishi ambaye mama yake alinunuliwa. Na jambo hili halihusu karne ya 19 peke yake.

Ndiyo sababu Kumbukumbu hazifai kusomwa peke yake. Yafaa ziwekwe kando ya Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, ambamo habari za kutekwa na kukombolewa zasimuliwa kwa Kiswahili na mtu wa jamii ya waliokombolewa. Kadhalika ziwekwe kando ya Desturi za Waswahili, maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake yaliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro naye alitoka pwani hii, akafundisha Kiswahili Berlin, akadharauliwa huko, na akafa ugenini mwaka 1927. Lakini aliwaeleza Wajerumani mambo ya kwao kwa Kiswahili, hata mambo ya utumwa, na kwa hiyo mtu wa Bagamoyo angeweza kumsahihisha. Salme alijinyima masahihisho hayo.

Mji wa Majid

Msomaji aliye Kinondoni au Temeke aweza kudhani kwamba haya yote ni mambo ya ng'ambo, ya majumba ya Unguja. Sivyo. Mji anaokaa ulianzishwa na Majid, nduguye Salme, katika miaka ya 1860, mahali palipoitwa Mzizima, katika nchi ya Wazaramo na Washomvi. Majumba ya Dar es Salaam yalikuwa yakijengwa mwaka ule ule ambao Salme alipanda Highflyer. Kando yake ilipandwa minazi, na mashamba yalihudumiwa na watumwa. Majid alifariki mwaka 1870, na kazi ya mji ikalala.

Kisha mji huo na habari ya Salme vikakutana tena. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya kuzilinda nchi ambazo Carl Peters alidai kuzipata kwa mikataba. Barghash, aliyekuwa Sultani wakati huo, alipinga. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya jumba lake, na Salme akafika Unguja chini ya ulinzi wa Wajerumani hao hao. Barghash aliyakubali madai ya bara, na haja ya kumtumia dada yake ikawa imekwisha. Urithi wake ukawekwa kando. Dar es Salaam ikapata kituo cha kampuni ya Wajerumani mwaka 1887, na mwaka 1891 ikawa makao makuu ya koloni lao.

Salme aisimulia safari hiyo kama habari ya dada aliyekataliwa na kaka. Ndivyo ilivyokuwa kwake, na maumivu yake si ya kubezwa: alipokewa kwa furaha na watu wa mjini, na mlango wa nduguye ukabaki umefungwa. Lakini mtu anayesoma habari hiyo katika Dar es Salaam ana haki ya kuona pia kile ambacho msimulizi hakukitazama. Kwa mwandishi bara lilikuwa jambo la mbali. Kwa watu wa bara, wiki zile ziliamua nani atatoza kodi na nani atashika kiboko. Kitabu kimoja chaweza kuwa ushahidi wa kweli wa huzuni ya mtu na ushahidi pungufu wa huzuni ya nchi. Msomaji wa bara, ambaye Salme hakumwazia kabisa, ndiye awezaye kukamilisha usomaji huo.

Kazi ya mfasiri

Kutokana na haya latokea jambo la lugha lenye kuhitaji uangalifu, yaani namna ya kumtia Salme katika Kiswahili. Mambo aliyoyaandika yalitokea kwa Kiarabu na Kiswahili, yakavishwa Kijerumani, na mfasiri atakiwa kuyarudisha. Si sawa na kutafsiri kazi ya Mjerumani. Neno la kwanza la mashaka ni lile la jalada. Prinzessin liliwekwa kwa ajili ya masikio ya Berlin. Kwao mwandishi alikuwa Sayyida, au Bibi. Anayeandika "binti mfalme" afuata jalada, na anayeandika "Sayyida" amrudisha mwandishi nyumbani. Kila uamuzi una maana yake, na mfasiri sharti ajue anafuata upi.

Neno la pili lina uzito zaidi. Kijerumani kina Sklave kwa watu wengi ambao Kiswahili kinawatenga: mtumwa, mjakazi, mzalia, suria, mjoli. Mzalia si sawa na aliyetekwa jana, na suria aliyezaa si sawa na mjakazi. Kitabu cha Kijerumani kiliweza kuwaweka wote katika fungu moja, na katika fungu hilo Jilfidan akapotea. Kiswahili hakitakubali. Mfasiri atakapofika katika sura ya utumwa atalazimika kuchagua, sentensi kwa sentensi, ni mtumwa yupi anayesemwa. Na atakapoandika neno suria katika sura ya mama, atakuwa ameitaja hali ambayo sheria ya Unguja iliifuta mwisho kuliko zote. Hivyo lugha ya uani, ambayo Salme aliiacha, itakuwa imemsahihisha.

Makumbusho ya jumba la kifalme la Unguja yalipofunguliwa mwaka 1994 yalimtengea Salme chumba, na wageni wengi huijua sura yake kwa picha kabla ya kuyajua maandishi yake. Picha haijibu maswali. Kitabu hujibu, kikiulizwa kwa lugha inayokifaa, na mwandishi huyu aliyejifunza herufi juu ya mfupa wa ngamia bila ya ruhusa ya mtu astahili kuulizwa bila ya kubembelezwa.